Ndoo Mbili za Bosi

Gatongora, Ruiru
Jumamosi, 11 Januari 2025

Kwako nau,

Mimi sijambo. Nimeanza na hilo ili usiruke mistari ukitafuta habari mbaya, maana nakujua baba yangu. Huku jua ni kali, maji ya mfereji yanakuja Jumanne na Ijumaa tu, na cherehani inalia kutwa nzima kwa sababu shule zimefunguliwa na kila mama amekumbuka sweta ya mtoto siku ya mwisho. Muoki alinipigia kutoka Voi. Mtoto wao ameanza kutembea na sasa nyumba yao haina kikombe kizima. Anakusalimia, na anauliza kama bado hutaki kusoma meseji. Nilimwambia kaka yangu kwamba wewe husema meseji ni za benki na za matapeli, na kwa vile masikio yako yalifunga duka, anayekutaka akuandikie karatasi kama mtu mzima. Basi karatasi ndiyo hii. Musau wa pikapu atakuletea akishamaliza kushusha matikiti.

Sikukushukuru vizuri kwa kunipa mbwa wako Bosi. Tangu wale watu wavunje mlango wangu mwezi wa kumi na moja wakabeba mtungi wa gesi, nilikuwa silali vizuri. Bahati nilikuwa kanisani. Nimehamisha cherehani kutoka dirishani, sasa inaangalia mlango. Mwanga umepungua kidogo lakini nimezoea. Bosi analala chini ya meza, na mtu akikanyaga tu nje ananisukuma goti na pua, kimya kimya, kabla hajabweka hata mara moja. Ulimfunza wewe? Mbwa wa hivyo sijawahi kuona.

Sasa, jambo lenyewe. Naona haya kuliandika, lakini wewe ni mkulima. Ni uchafu wake. Ua wangu unaujua, hatua sita kwa nne, na humo kuna kamba ya nguo, tangi la maji na kabustani kangu ka sukuma. Mbwa mmoja, nau, lakini utadhani nafuga kumi! Watu wa takataka wamekataa kuubeba. Nikajaribu kuumwaga chooni, choo kikaziba, fundi akaja, na ploti nzima ikajua kilichoziba. Dirisha la jikoni la mwenye ploti, Mama Becky, liko juu ya ukuta wangu. Juzi alisimama hapo na kikombe mkononi. Akasema, "Wavinya, huyo mbwa sina shida naye, lakini hii halufu inaingia mpaka kwa chai yangu." Amenipa mpaka mwisho wa mwezi wa tatu. Harufu ikibaki, mbwa aende, au twende sote wawili.

Sitaki aende. Tafadhali nifikirie.

Mbuzi wote sita wazima?

Mtoto wako,
Wavinya


Ngoliba
Ijumaa, 24 Januari 2025

Mwaitu,

Ulipewa jina la mama yangu, kwa hiyo nitakuita mama mpaka nife, na bado nitakugombeza. Sisi hapa hatujambo. Mvua hakuna. Udongo wa Ngoliba umekauka hata magugu yanafikiria mara mbili kabla ya kuota. Shangazi yako Wayua alikuja na uji, akakaa saa nne akiniongelesha, na mimi nikatikisa kichwa mahali nilipoona panafaa. Aliondoka amefurahi sana.

Barua yako nimeisoma mara mbili na mara zote nimecheka. Mtoto wa Munyao, aliyekua juu ya mbolea, leo anamwita fundi wa choo! Mavi ni mbolea. Ya ng'ombe ni mbolea, ya mbuzi ni mbolea, ya kuku ni mbolea kali ya kupimwa kwa mkono. Ya mbwa ina kosa gani? Chimba mfereji kando ya hiyo sukuma yako, tia humo kila asubuhi, fukia, mwagilia. Harufu itaisha na mboga zitakushukuru. Hiyo nakuambia mimi, niliyepata cheti cha mkulima bora wa kata, na cheti chenyewe bado kiko ukutani, kuja uone.

Kuhusu kumfunza, mimi sikumfunza kitu. Mbwa ni mbwa. Hapa alikuwa anakula bure, ndiyo maana nilikupa. Usinishukuru tena.

Mbona umehamisha cherehani? Macho yako utayaharibu.

Baba yako,
Munyao


Gatongora, Ruiru
Jumamosi, 22 Februari 2025

Kwako nau,

Niwie radhi, Musau alinipita mara moja nikiwa na kanzu za kwaya nzima mezani, sikuweza kuinuka. Sisi tu wazima. Bosi ameongezeka uzito, na amegundua siku ambayo mama wa matumbo hupita.

Umeshinda, mkulima bora wa kata. Nilichimba mfereji vile ulivyosema na harufu imekufa. Na hiyo sukuma sasa! Majani mapana, yana rangi ya kijani mpaka yanaelekea nyeusi. Nilikata fungu kubwa nikampelekea Mama Becky kwa amani. Amepika na kitunguu, akaniita ukutani kuniambia hajala sukuma tamu hivi tangu aolewe. Sasa kila Alhamisi anatoa mkono kwa dirisha bila hata kuniita.

Hajauliza mbolea ni gani. Mimi pia sijaona haja ya kusema.

Mbuzi je? Hukunijibu.

Wavinya


Ngoliba
Ijumaa, 7 Machi 2025

Mwaitu,

Nilikwambia! Hata shangazi yako nimemsomea hayo maneno ya Mama Becky. Nimesimama katikati ya nyumba nikayasoma kwa sauti, maana ninavyosikia mimi sauti yangu haijulikani kama ni kubwa au ni ndogo, na anasema hata kwa kina Kaleli walisikia.

Mawingu yameanza kukaa upande wa Ol Donyo Sabuk lakini shamba bado sijalima. Siku hizi nakaa sana kwenye kiti. Usiwe na wasiwasi, ni mgongo tu. Mbuzi wanne hawajambo, wanakusalimia.

Cherehani umeirudisha?

Munyao


Gatongora, Ruiru
Jumamosi, 22 Machi 2025

Nau,

Salamu nitaandika mwishoni. Leo nina hasira.

Unamkumbuka Nelima? Yule anayefanya kazi ya afya ya jamii, tunaimba naye sauti ya pili. Alikuja Jumatano kuchukua kanzu yake, akaona sukuma, akasema woi, dada, unaweka mbolea gani? Nikamwambia, nikicheka, nikijivuna hata. Nelima hakucheka. Aliweka kanzu chini. Akaniuliza, "Huyu mbwa alikula dawa ya minyoo lini?" Sikujua. Akaniambia ng'ombe na mbuzi wanakula nyasi, lakini mbwa anakula nyama, matumbo na kila anachookota, na tumboni kwake kuna minyoo ambayo mayai yake hukaa udongoni miaka na miaka, mvua inyeshe, jua liwake. Mtu akiyameza, hiyo minyoo inaweza kutembea mwilini mpaka kwa ini, hata kwa jicho. Na kufukia hivyo tu hakuyaui. Mboga za majani ndizo mbaya kabisa, kwa sababu udongo unazirukia.

Nau, nimemlisha yule mama wiki nne!

Nilikaa kitini kama dakika kumi, halafu nikaenda kugonga kwake. Ningeweza kunyamaza, lakini nimechoka kunyamaza. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama mlangoni. Alisema "Haiya!" moja tu, ndefu, akafunga mlango. Nimeng'oa sukuma yote. Nimempeleka Mama Becky kwa zahanati pamoja na Nelima, wamempima wakampa dawa, wanasema hawaoni tatizo lakini wamwangalie. Mimi pia nimemeza, na Bosi amepewa yake kwa duka la dawa za mifugo.

Huyo mama hanisemeshi. Alipitisha ujumbe kwa mpangaji wa mbele, kwamba kwa sababu nilikuja mwenyewe kusema ukweli ameniongeza muda mpaka mwisho wa mwezi wa tano, lakini hapo hakuna mchezo. Na sasa sina mfereji, sina pa kutia, na kiangazi kinaisha.

Ulikuwa na uhakika sana, nau. Siku zote una uhakika sana.

Halafu mbuzi walikuwa sita. Umeandika wanne.

Salamu kwa shangazi.

Wavinya


Ngoliba
Ijumaa, 18 Aprili 2025

Mwaitu,

Musau alikuja kwako mara ya mwisho mikono mitupu. Si kwamba hakuikumbuka barua. Niliandika tatu nikazichoma zote kwa sababu zilikuwa za mtu anayejitetea.

Leo naandika fupi. Nilikosea. Nilikuwa nimezoea mavi ya wanyama wa zizini, na sikuwahi kujiuliza kwa nini mama yako, Mungu amrehemu, hakukubali mbwa akanyage mahali pa mboga. Mimi nilidhani ni madaha. Ungeniuliza jambo hilo mbele ya watu ningejibu vilevile kwa kifua mbele, na watu wangenisikiza kwa sababu ya cheti. Nimekishusha ukutani. Shangazi yako ameuliza kiko wapi, nikajifanya sijasoma midomo yake.

Nimekwenda Thika kwa daktari wa mifugo, kijana mmoja anaitwa Mutiso. Amenivumilia sana. Nilimwandikia maswali kwa daftari naye akaniandikia majibu, kurasa tano. Haya ndiyo tumekubaliana, na baadhi ni yangu, maana yeye hajui mvua ya Ruiru inavyojaza mashimo.

Tafuta ndoo mbili kubwa za rangi, zenye vifuniko. Kata matako yake yote mawili. Toboa mbavu zake kwa msumari wa moto. Chimba kona ya mbali kabisa na tangi na chochote kinacholiwa, pale kwenye maua ya ukutani. Shimo liwe na kina cha mkono wako mpaka kwapani. Chini tia kokoto. Zika ndoo, lakini mdomo wake ubaki juu ya udongo kiganja kimoja, ukiuzungushia udongo wa kushindilia, la sivyo mvua itaingia na utakuwa na supu. Kila ukitia cha Bosi, tia konzi mbili za maranda ya seremala juu yake. Funika, weka jiwe. Ya kwanza ikijaa ifunge kabisa, mwaka mzima usiiguse, utumie ya pili. Na hata baada ya mwaka, hiyo si ya mboga. Ni ya maua tu. Kijiko chake kiwe chake, mikono uoshe kwa sabuni, na dawa ya minyoo kila miezi mitatu, andika kwa kalenda.

Mwambie Mama Becky mzee wa Ngoliba anaomba msamaha. Nimemtumia matikiti mawili. Hayo yameota kwa samadi ya mbuzi, mwapie.

Kuhusu mbuzi, mmoja alikufa na mwingine niliuza. Ama niliuza wawili. Sikumbuki.

Munyao


Gatongora, Ruiru
Jumamosi, 17 Mei 2025

Kwako nau,

Sisi hatujambo, na wakati huu ni kweli. Imenyesha wiki mbili bila kupumzika. Ua wa jirani umekuwa bwawa, lakini ndoo zako zimesimama na vifuniko vyake vikavu kabisa. Seremala wa hapa Gatongora ananipa maranda bure, alidhani nafuga vifaranga na sijamrekebisha. Hakuna harufu. Nimeinama nikaweka pua, hakuna. Mama Becky naye alishuka Jumatatu, akasimama pale akiwa ameshika leso karibu na uso kwa kujiandaa, halafu akaishusha polepole. Akasema, "Na hiyo tu ndiyo ilikuwa inatushinda?" Matikiti alikula yote mawili. Amesema tukae, mimi na Bosi, na mambo ya mwisho wa mwezi tuyasahau. Nilirudi ndani nikalia kidogo.

Kwa hiyo asante. Na yale maneno yangu ya mwezi wa tatu kuhusu uhakika wako, naomba uyachome pamoja na zile barua zako tatu. Cheti kirudishe ukutani.

Sasa sikia. Nimempa Musau chai leo, na chai ikamfungua mdomo. Ameniambia hukuuza mbuzi. Ameniambia ulikuwa shambani mchana kweupe, umeinama, mgongo ukiwa upande wa geti, na watu wakaingia wakafungua zizi wakaondoka na wawili huku wewe unapalilia hatua thelathini kutoka hapo. Kwamba tangu siku hiyo umetoa kiti nje na unakaa ukiangalia geti kuanzia asubuhi mpaka jioni. Kwamba mvua ya kwanza imepita na hukupanda ndengu. Na kwamba mtu akija, hata Kaleli jirani yako, anapiga hodi mpaka anachoka na kurudi, kama uko ndani.

Nikamuuliza, zamani ilikuwaje? Akanishangaa. Akasema, "Si Bosi ndiye alikuwa anamwambia?"

Anakuja anakusukuma goti na pua. Kimya, kwa sababu alijifunza kwamba kukubwekea wewe ni kazi bure.

Nau, uliniandikia kwamba alikuwa anakula bure. Ulinipa masikio yako na ukaniandikia anakula bure!

Namrudisha. Usibishane nami. Musau akija tena, Bosi anapanda pikapu.

Wavinya


Ngoliba
Ijumaa, 30 Mei 2025

Wavinya,

Musau ni mdomo mpana na nimemwambia hivyo.

Hujambo? Sisi hatujambo. Mahindi ya watu ni mazuri.

Mbwa ni wako. Ukimleta, nitampakia kwa gari hilohilo arudi, na nitafanya hivyo mpaka Musau atukasirikie sote. Mbuzi wanne wananitosha. Ndengu nimekula miaka sabini, siwezi kufa kwa kuzikosa msimu mmoja. Kiti chenyewe ni kizuri, kina kivuli, nawaona watu wanaopita.

Umeuliza mengi sana katika hizi barua na mimi nimeuliza jambo moja tu. Nimekuuliza mara mbili na mara zote umepita kando. Nitauliza tena kwa herufi kubwa ili usiseme hukuona. Fundi wa nguo hahamishi cherehani kutoka kwa mwanga kwa ajili ya mtungi wa gesi. SIKU ILE ULIKUWA WAPI?

Baba yako


Ngoliba
Jumapili, 15 Juni 2025
(Karatasi moja mezani, kalamu moja, tukipokezana. Chai iko kwa birika.)

Wavinya: Nimekaa tangu jana nikifikiri nitaanzia wapi. Kwanza, jana umeona mwenyewe. Pikapu haijasimama vizuri, Bosi ameshashuka, amekimbia kwa hicho kiti chako na kukusukuma goti, kisha akakuvuta suruali mpaka kwa geti ukanikuta nimesimama. Miezi sita, na hajasahau kazi yake. Utampakia arudi?

Baba: Nitampakia. Jibu swali.

Wavinya: Nilikuwa ndani.

Wavinya: Sikwenda kanisani. Nilikuwa na mafua. Nilisikia mlango, nikaingia chini ya meza ya cherehani, kile kitambaa kirefu cha kanzu kikanifunika. Walikuwa watatu. Hawakuwa na haraka. Walikunywa chai yangu, nau, walitafuta hata sukari. Mmoja alikaa kwa kiti changu cha kushonea na kiatu chake kikawa hapa, karibu na vidole vyangu. Kiatu cha kahawia, kamba moja imekatika. Sikupiga kelele. Watu walikuwa nje, Mama Becky alikuwa nyumbani, ningeita tu. Sauti haikutoka. Walipoondoka nilikaa hapo chini mpaka watu wakatoka kanisani. Halafu nikawaambia kwamba mimi pia ndio natoka kanisani. Niliona haya. Mtu mzima wa miaka thelathini na minne, na sikuweza hata kuita.

Baba: Kunywa chai kwanza.

Baba: Nilijua. Si yote, lakini nilijua ulikuwa ndani. Aliyeibiwa gesi akiwa kanisani huomba baba yake kufuli. Wewe uliomba mbwa. Nilikunja hiyo barua yako ya mwezi wa kumi na mbili, nikamfunga Bosi kamba siku hiyohiyo.

Wavinya: Mbona hukusema?

Baba: Na wewe mbona hukusema? Tumefanana. Mama yako alikuwa anasema tungekaa kwa nyumba inayoungua, kila mmoja akimngoja mwenzake ataje moshi.

Baba: Sikia, mwaitu. Mimi nimekaa na ukimya miaka sita. Naujua vizuri kuliko mtu yeyote hapa Ngoliba. Wewe ulinyamaza na ukatoka mzima. Sina la kukulaumu hapo, na wewe usijilaumu. Ungepiga kelele leo ningekuwa naandikia nani?

(Hapa karatasi imelowa kidogo. Ni chai.)

Wavinya: Si chai.

Baba: Nimesema ni chai.

Wavinya: Nimeripoti polisi, nau. Wiki iliyopita, na Mama Becky tukaenda naye. Nilimweleza yeye kwanza. Aliposikia alinishika mkono, akaniambia kile kitanda cha Becky kiko wazi tangu aolewe, nije nilale huko siku yoyote nikiogopa, na ukuta atauwekea geti dogo tuwe tunapitia. Sijui kama naweza bila Bosi. Lakini nakuona umekaa kwa kiti ukilinda mbuzi wanne na shamba limelala, na hilo nalo siliwezi. Acha nijaribu. Nikishindwa nitasema. Sitaandika tena kwamba nilikuwa kanisani.

Baba: Utasema?

Wavinya: Nitasema. Na wewe utasema?

Baba: Nitajaribu. Nipe hiyo birika.


Gatongora, Ruiru
Jumamosi, 12 Julai 2025

Kwako nau,

Salamu nyingi, na za Muoki pia, ambaye sasa ananunua vikombe vya plastiki.

Wiki ya kwanza bila Bosi ilikuwa mbaya, nakuambia kama nilivyoahidi. Nililala kwa Mama Becky siku nne. Anakoroma, na nilishukuru kila nilipomsikia. Siku ya tano nililala kwangu. Geti dogo limewekwa ukutani, fundi amelipaka rangi ya kijani.

Sasa ucheke. Jumanne nilikuwa nashona, nikasikia geti hilo. Ni Mama Becky, amekumbatia katoni, na katoni inalia. Kuna mbwa mdogo humo ndani, mweusi, masikio makubwa, kampata kwa mtu wa kanisa lao huko Kamakis. Nikamuuliza, "Mama Becky, wewe? Na harufu?" Akaangalia ile kona ya maua, akaangalia ndoo zetu mbili na mawe yake juu, akasema, "Sasa hayo mashimo yote yakae bure?" Halafu akaniwekea katoni mapajani. Yeye ataleta matumbo, mimi nitatia maranda. Huyo mdogo amekula dawa ya minyoo tayari, Nelima mwenyewe alisimamia.

Bado hajui kazi. Akisikia mtu anajificha nyuma yangu. Tunajifunza pamoja.

Jana nilirudisha cherehani dirishani. Nilikaa kama saa nzima bila kushona, nikigeuka kuangalia mlango. Halafu nilimaliza kola mbili.

Wavinya


Ngoliba
Ijumaa, 25 Julai 2025

Mwaitu,

Sisi hatujambo. Baridi ni kali na shangazi yako amenivalisha sweta mbili, zote ni zako, moja umeikosea kwapa.

Mwambie Mama Becky namsalimu sana, na kwamba huyo mdogo asipewe mifupa ya kuku. Ndoo ya kwanza ikijaa, hesabu mwaka mzima kuanzia hapo, usiifunue kwa pupa. Nimezika zangu pia hapa, mbili, nyuma ya zizi. Kaleli alikuja kuuliza ni za nini, nikamfundisha. Nilianza kwa kumwambia mambo ambayo sikuyajua, na ilinichukua muda mrefu kuliko kuchimba.

Barua yako niliipata hivi: Bosi alinisukuma goti, nikatoka, nikamkuta Musau getini bado anatafuta pa kuichomeka. Hakuwa amepiga hodi hata moja.

Nimeisoma pale pale nikiwa nimesimama. Nilipofika mahali pa cherehani na dirisha, nikaikunja nikaitia mfukoni, nikarudisha kiti ndani ya nyumba. Nikachukua jembe. Mvua za vuli ziko mbali lakini shamba lililolala halijitayarishi lenyewe. Nimelima mistari saba kabla ya mchana. Bosi alikuwa amelala chini ya mti wa muarubaini, na mimi nililima yote saba nikiwa nimelipa geti mgongo.

Baba yako,
Munyao